Rejista Kabla ya Jalada: Haki ya Kuona Kumbukumbu za Mahakama katika Kaunti ya Juba

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 ina ibara mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Ibara ya 19 inataka mashauri yasikilizwe hadharani, mbele ya mahakama yenye mamlaka. Ibara ya 32 inampa kila raia haki ya kupata taarifa na kumbukumbu rasmi zilizo mikononi mwa ngazi yoyote ya serikali au chombo chake chochote, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama wa umma au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2013 ikafuata, ikaweka utaratibu wa kuomba na kuunda Tume ya Taarifa. Kwa maandishi, basi, raia wa Juba anayetaka kusoma hukumu iliyotolewa katika kaunti yake ana pa kusimamia.

Makala haya yanadai kwamba haki hiyo inakwama kabla ombi halijaandikwa. Huwezi kuomba usichojua kuwa kipo. Mwombaji anatakiwa ataje kumbukumbu anayoitaka, na hana njia ya kujua kama iliandikwa, ilihifadhiwa wapi na ilipewa namba gani. Kwa sababu hiyo, mjadala wa uwazi wa mahakama katika ngazi ya kaunti haupaswi kuanza na jalada. Uanze na rejista: daftari linaloorodhesha kila shauri lililofunguliwa, tarehe yake, wadaawa wake, aina yake na lilivyomalizika.

Ugumu wenyewe unatokana na muundo wa mahakama. Kaunti moja ina nyumba mbili za haki. Ya kwanza ni Mahakama ya Kaunti, iliyo chini ya Idara ya Mahakama ya taifa na Sheria ya Mahakama ya mwaka 2008. Juu yake ziko Mahakama Kuu, Mahakama za Rufaa na Mahakama ya Juu Kabisa. Ya pili ni mahakama za kimila zilizoundwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009. Mahakama A hukaa na chifu mtendaji katika boma, ngazi ya chini ya utawala, Mahakama B katika payam, ngazi iliyo juu ya boma, na Mahakama C ndiyo ya juu zaidi kimila katika kaunti. Mijini kuna pia mabaraza ya mji. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama C hukata rufaa kwa hakimu wa Mahakama ya Kaunti, na hapo ndipo nyumba hizi mbili zinapopakana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane anaishi Gudele, mtaa wa Juba, katika kiwanja ambacho marehemu mumewe alikigombania na kukishinda miaka iliyopita. Sasa shemeji zake wanamtaka ahame. Anajua kulikuwa na kesi. Hajui hati ilipo. Akienda kwa machifu wa payam ya Munuki, huenda karani akamwambia shauri lilipanda juu. Akienda Mahakama C, huenda akaambiwa rufaa ilikwenda kwa hakimu. Kwa hakimu ataulizwa namba ya kesi. Kila mlango una karani wake na madaftari yake, na hakuna daftari hata moja linalomweleza mjane yaliyomo katika jingine. Kila anakoelekezwa kuna nauli na siku ya kazi inayopotea, na huku shemeji zake wanaendelea kumshinikiza ahame.

Hata akifika mlango sahihi, jina linaweza kumzuia. Mtu mmoja huitwa kwa jina la ubatizo kanisani, la baba katika cheti, na la nyumbani mbele ya chifu. Majina kama Wani na Pitia, ambayo Wabari huwapa watoto kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, hubebwa na watu wengi mno kiasi cha kutotosha kumtambulisha mdaawa. Juu ya hayo kuna hati mbili za maandishi. Juba ilikuwa mji wa ngome ya serikali ya Khartoum mpaka Mkataba Kamili wa Amani wa Januari 2005, na mahakama zake ziliendeshwa kwa Kiarabu. Katika maeneo ya vuguvugu la waasi la SPLM/A, sheria za vuguvugu hilo zilikuwa zikitumika kwa Kiingereza. Tangu 2011 Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kazi, ingawa mahakimu wengi walisomea sheria kwa Kiarabu na wananchi mbele ya machifu huzungumza Kibari, Kiarabu cha Juba au lugha nyingine za nyumbani. Jina lile lile likiandikwa kwa Kiarabu mwaka mmoja na kwa herufi za Kilatini mwaka mwingine, linaweza kusomeka kama la watu wawili.

Kutokana na hayo, ombi lililoandikwa vizuri linahitaji mambo ambayo mwombaji wa kawaida hafundishwi popote: majina yote ambayo kila mdaawa alijulikana kwayo, mwaka au angalau msimu shauri liliposikilizwa, ngazi ya mahakama, eneo la mgogoro, na hati hasa inayotakiwa. Hukumu ni kitu kimoja. Amri ya utekelezaji ni kitu kingine, na mwenendo wa kesi, yaani ushahidi ulivyoandikwa, ni cha tatu. Anayekwenda kuutetea ushindi wake mbele ya chombo kingine anahitaji nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Mtafiti au mwandishi wa habari anaweza kutosheka na kusoma mezani pa karani. Tofauti hizi zikibandikwa ukutani katika kila masijala, kwa Kiingereza na Kiarabu, pamoja na ada halali ya kila nakala, mwombaji hatategemea tena hisani ya aliye dirishani.

Kuna watakaosema kwamba mahakama za machifu zinasimama juu ya mapatano na neno la mdomo, na kuzidai makaratasi ni kuziharibu. Hoja hii inazipunja mahakama zenyewe. Sheria ya Mahakama za Machifu ya mwaka 1931, ya enzi za ukoloni, ilikwisha kuziingiza katika mfumo wa serikali, na tangu hapo karani na muhuri vimekuwa sehemu ya baraza. Utafiti wa mwanahistoria Cherry Leonardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha jinsi wananchi wanavyohama kati ya machifu na mahakama za serikali kutafuta uamuzi utakaoshika. Mtu anayehama hivyo hubeba karatasi. Uamuzi wa chifu usio na kumbukumbu unaweza kufunguliwa upya kila mwenye nguvu anapobadilika. Na kwa kuwa mahakama hizi ni chombo cha serikali za mitaa, Ibara ya 32 inazigusa sawasawa na inavyomgusa hakimu.

Thamani ya jalada ilionekana wazi katika kesi ya Hoteli ya Terrain, ijapokuwa ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi. Julai 2016 askari waliivamia hoteli hiyo mjini Juba, wakamuua mwandishi wa habari John Gatluak na kuwabaka wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Tarehe 6 Septemba 2018 askari 10 walitiwa hatiani. Familia ya Gatluak iliamriwa ilipwe ng'ombe 51, na kila mwanamke aliyebakwa dola 4,000. Upande wa waathiriwa ulipotaka kupinga kiwango hicho, rufaa ilikwama, na ikaripotiwa kwamba jalada la kesi halionekani. Ikiwa kesi iliyofuatiliwa na balozi na vyombo vya habari vya dunia nzima inaweza kufika hapo, shauri la mjane wa Gudele lina kinga gani? Rejista haizuii jalada kupotea. Inachofanya ni kuonyesha kwamba lilikuwepo, lilitoka lini, na nani alilipokea.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Katika nchi ambayo kisasi cha damu bado kinaua, kutangaza jina la aliyehukumiwa au la shahidi kunaweza kuwasha ugomvi uliokwisha kuzimwa kwa fidia. Aliyebakwa anaweza kuaibishwa mara ya pili. Ninalichukulia jambo hili kwa uzito wote, na Katiba yenyewe imeliwekea nafasi. Lakini jibu lake ni kuficha kile kinachodhuru na kuacha mengine wazi. Nchini Kenya, hukumu zinazohusu watoto na waathiriwa wa ubakaji huchapishwa kwa herufi za mwanzo za majina. Rejista ya Juba inaweza kufanya hivyo hivyo, na majina ya mashahidi yasiwemo kabisa. Mgogoro wa kiwanja, mirathi au deni hauna sababu ya kufichwa.

Majirani wametangulia, na inafaa kuona walipoanzia. Kenya Law, TanzLII ya Tanzania na ULII ya Uganda huweka hukumu kwenye intaneti bila malipo, lakini nguvu yao kubwa imekuwa katika mahakama za juu. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, ingekosea kuiga mpangilio huo. Wananchi wake wengi hukutana na haki kwa chifu na kwa hakimu wa kaunti. Kuanzia juu ni kuwahudumia mawakili kwanza na wananchi mwisho.

Wengine watasema Juba haina uwezo. Nyaraka za taifa zinajibu. Kumbukumbu za utawala tangu mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimerundikwa katika hema mjini Juba, zikiliwa na mchwa na unyevu. Watunza nyaraka wa Juba, wakisaidiwa na Taasisi ya Rift Valley, walizihamishia katika nyumba Munuki, wakazipanga na kuanza kuzipiga picha za kidijitali. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kunakili rejista za mahakama za kaunti moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hukumu ni mali ya aliyeshinda na ya umma uliogharimia mahakama. Kamati ya mageuzi ya mahakama iliyoanza kazi mwaka 2022 chini ya Jaji mstaafu James Ogoola wa Uganda imeweka suala la mahakama mezani. Hatua inayopendekezwa hapa haihitaji kungoja sheria mpya. Jaji Mkuu anaweza kuagiza kila Mahakama ya Kaunti ifungue rejista yake kwa yeyote anayetaka kuisoma, saa za kazi, bila kuulizwa sababu. Kamishna wa kaunti anaweza kuagiza hivyo hivyo kwa Mahakama A, B na C, na nakala ya rejista zao ipelekwe kila mwezi katika masijala ya hakimu ili nyumba zote mbili zisomeke mahali pamoja. Shauri linapopanda ngazi, namba yake ya zamani iandikwe kando ya mpya. Hayo yakifanyika, mjane ataingia mlango mmoja, atafute mwaka na eneo, na atoke na namba. Kuanzia hapo haki aliyopewa na Ibara ya 32 itakuwa na kitu cha kushika, na karani atakayemnyima nakala atalazimika kueleza kwa nini.