Rehema Sokoni: Maneno Yaliyomsogeza Mungu Karibu na Watu wa Dar es Salaam

Historia ya dini katikati ya jiji la Dar es Salaam huandikwa mara nyingi kwa kufuata minara na misalaba, yaani nani alijenga nini na mwaka gani, ilhali sehemu yake yenye utajiri zaidi imo katika msamiati: maneno ambayo watu wa bandarini, wa Kitumbini na wa Kariakoo waliyarithi, wakayaazima na kuyabishania ili waweze kumtaja Mungu anayewakaribia waja wake na kuwajulisha alivyo. Wanazuoni huuita ujulisho huo ufunuo, neno linalotokana na kitenzi kufunua, ambacho ndicho atumiacho mpishi anapoondoa kifuniko juu ya sufuria; na yale yanayojulikana kwa njia hiyo kuhusu tabia ya Mungu huitwa sifa, kama vile rehema, haki, ukarimu na amani.

Sifa mojawapo imo katika jina la mji wenyewe. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, aliupa jina la Kiarabu lenye maana ya nyumba ya amani, na ingawa wapo wanaolieleza kama ufupisho wa Bandari ya Salama, msomaji wa Qurani hukumbuka mara moja kwamba Darussalamu ni jina la Pepo, na kwamba Assalamu ni mojawapo ya asmaul husna, yaani majina 99 mazuri ya Mwenyezi Mungu. Neno Mungu lilikuwapo pwani tangu zamani, likiwa jamaa ya Mulungu wa lugha nyingi za Kibantu za mashariki, na Uislamu ulipolikuta haukulifukuza, bali ulilizungushia maneno mapya: Mola, Rabi, Karimu, na Mwenyezi, ambalo ni mwenye enzi.

Kariakoo, ambayo Wajerumani waliipanga kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iwe makazi ya Waafrika, na ambayo ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, ilikusanya Wazaramo, Wamanyema na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, wengi wao wakiwa mbali na makaburi na mizimu ya kwao. Mahali kama hapo swali la ukaribu wa Mungu halikuwa la vitabuni. Tarika ya Kadiria, yaani njia ya kiroho inayomfuata Sheikh Abdulkadir al-Jilani wa Baghdad, ilitoa jibu lake kwa dhikiri: wanaume husimama bega kwa bega, hutamka jina la Mungu kwa pamoja, kwanza polepole kisha kwa kasi, mpaka jina hilo linabaki kuwa pumzi nzito itokayo kifuani, na aliyefika juzi kutoka shamba husimama sawa na mzaliwa wa mtaa. Mafunzo hayo hutegemea Qurani, ambayo katika sura ya 50 inaueleza ukaribu wa Mungu kwa mfano wa mshipa wa shingo.

Ukristo uliingia kwa upande wa bahari. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika mwaka 1887 na kukiita kituo chao Immanuelskap, maana yake rasi ya Imanueli, jina la Kiebrania lisemalo kwamba Mungu yuko pamoja na watu; na kiini cha imani waliyoileta ni umwilisho, yaani fundisho kwamba Mungu alijifunua kwa kuzaliwa mwanadamu, jambo ambalo Uislamu unalikataa huku ukimheshimu Isa kama mtume. Hata hivyo, makanisa makubwa yaliyojengwa baadaye, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yalisimama Uzunguni yakitazama bandari, na kati yake na nyumba za Kariakoo ukaachwa uwanda wa Mnazi Mmoja ili kutenganisha maeneo ya rangi mbalimbali. Ni vigumu kuhubiri Mungu aliyekaa na watu katika mji uliopangwa ili watu wasikae pamoja, na ugumu huo unastahili kutajwa kila historia ya makanisa hayo inaposimuliwa.

Mjadala mzito zaidi ulikuwa wa tafsiri. Biblia nzima ya kwanza kwa Kiswahili cha Unguja, iliyotokana na msingi uliowekwa na Askofu Edward Steere, ilitoka mwaka 1891. Mmisionari Mjerumani Karl Roehl, akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa yake mwaka 1937 akikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kukirudisha Kiswahili kwenye asili ya Kibantu, lakini iliyoenea ni ile ya Union ya mwaka 1952, ambamo rehema na neema zilibaki. Uamuzi wa kuyabakiza ulikuwa wa busara, kwa sababu neno rehema lilikuwa limekwisha kujaa maana katika vinywa vya watu, na mzizi wake una undani usiopatikana kwa urahisi kwingine: katika Kiarabu, na vilevile katika Kiebrania cha manabii, neno la huruma ya Mungu ni ndugu wa neno la tumbo la uzazi.

Qurani nayo ilipata Kiswahili chake kwa mabishano. Tafsiri ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana, ilichapwa mwaka 1923. Ya Waahmadia ilifuata mwaka 1953, na miongoni mwa walioishughulikia alikuwa Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam. Kisha mwaka 1969 ikatoka ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, ambayo Waislamu wa Kisuni waliipokea kama yao. Katika muongo huohuo Wakatoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliacha Kilatini wakaanza kusali misa kwa Kiswahili.

Leo maneno hayo yametoka madhabahuni na mihirabuni. Binti aitwaye Rehema katika shule ya Kariakoo anaweza kuwa wa Msikiti wa Manyema au wa parokia ya Msimbazi. Katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Uhuru doti za kanga hupangwa mpaka darini, na kila kanga ina pindo, mji, na chini ya mji huo jina, yaani maandishi, ambayo mara nyingi humtaja Mola kuwa mtoaji wa riziki au mwenye kusitiri. Muuzaji huikunjua juu ya meza, na mnunuzi, kabla ya kugusa kitambaa au kuuliza bei, husoma jina kwanza.