Zephyr (droni)

Zephyr ni droni ya umeme wa jua iliyobuniwa Uingereza na kampuni ya QinetiQ, kisha ikachukuliwa na Airbus mwaka 2013. Mabawa yake yana urefu wa mita 25 kutoka ncha hadi ncha, lakini uzito wake ni kilo 75 hivi, sawa na mtu mzima mmoja. Haina magurudumu: wafanyakazi huibeba mikononi na kukimbia nayo mpaka ipae. Mchana, paneli za mabawani huzungusha propela mbili na kuchaji betri. Usiku betri hushika zamu hadi alfajiri. Mwaka 2022 ilikaa angani siku 64 kutoka Arizona, Marekani; mwaka 2025 ilifikisha siku 67, iliporushwa kutoka Laikipia, Kenya, karibu na ikweta.