Nani Hupanga Bei ya Bondia

Ukitoka Athi River kuelekea Namanga, kabla hujaingia Kitengela, unaacha nyuma kiwanda ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa mnunuzi mkubwa wa ng'ombe wa Umaasaini. Kampuni ya Liebig's ilikifungua mwaka 1938, na mwaka 1950 kikachukuliwa na shirika la nyama la Kenya, KMC. Wafugaji walilalamikia bei yake, wakalalamikia pia malipo kuchelewa, ila walijua mnunuzi yupo. Shirika lilipofunga milango mwanzoni mwa miaka ya 1990, hadi lilipofufuliwa mwaka 2006, mfugaji wa Kajiado aliyepeleka fahali mnadani Bissil alibaki na dalali peke yake wa kumwambia mnyama wake ana thamani gani. Madalali walikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mfugaji hakuwa tena na mahali pengine pa kwenda akiikataa bei. Naanza na ng'ombe kwa sababu wakazi wa kaunti hii ya Kajiado wanaijua vizuri biashara hiyo, na kwa sababu ndondi za Kenya zilipatwa na jambo lilelile katika miaka ileile. Husemwa mara nyingi kwamba mabondia wetu ni maskini kwa kuwa mameneja na mapromota ni wezi. Wezi wapo, sikatai. Lakini ukiipitia historia utaona kwamba malipo ya bondia hupanda au kushuka kwa kadiri anavyoweza kusema hapana, na uwezo huo ulianza kumtoka kabla promota yeyote hajamwibia.

Ndondi za Kenya zilijengwa na waajiri. Jeshi, Polisi, Magereza, Reli na Kenya Breweries walikuwa na timu zao, na bondia aliandikwa kazi kama askari au mfanyakazi wa kawaida, mshahara ukiingia mwisho wa mwezi ashinde asishinde. Vilabu vya mitaani, kama Dallas ya Muthurwa jijini Nairobi na Madison Square Garden ya Nakuru, vilimfundisha kijana kurusha ngumi, kisha taasisi zikamchukua na kumlisha. Matunda yake yanajulikana. Philip Waruinge alipata shaba Mexico mwaka 1968 na kutunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki, kisha akaongeza fedha Munich mwaka 1972, michezo ambayo Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walirudi na shaba. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade mwaka 1978. Katika Michezo ya Afrika ya Nairobi mwaka 1987 Wakenya walitwaa dhahabu 8 kati ya 12, na mwaka uliofuata Robert Wangila akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili mjini Seoul. Hadi leo ndiye Mkenya pekee mwenye dhahabu ya ndondi ya Olimpiki.

Nisieleweke kuwa nausifu mfumo ule kupita kiasi. Bondia wa ridhaa hakulipwa kwa pigano, sifa nyingi zilikwenda kwa taasisi, na mwili wake ulitumiwa kwa mshahara wa askari wa kawaida. Hata hivyo mshahara ule ulimpa kitu ambacho mkataba wa promota haukuwahi kumpa. Kama mpinzani alikuwa mzito kupita kiasi, au bondia ameumia jicho, angeweza kungoja mwezi mmoja na watoto wakala. Marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1990 yalipopunguza wafanyakazi wa mashirika ya umma, bajeti za michezo zilikuwa za kwanza kukatwa. Vikosi vya usalama vilibaki na timu zao, lakini nje ya kambi kijana mwenye kipaji hakuwa tena na mwajiri. Tena sheria za kimataifa zilimfungia mlango kwa nyuma, kwani aliyekwisha kulipwa hakuruhusiwa kurudi Olimpiki. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2016 tu, Rio. Kuingia ndondi za kulipwa kulikuwa ni kuvuka mto na kuvunja daraja.

Waliovuka mapema walikwenda mbali. Muchoki alikwenda Denmark, Waruinge akaenda Japani. Huko Japani bondia hawezi kupanda ulingoni bila kuwa mali ya jimu fulani, na mkuu wa jimu ndiye meneja, mara nyingi akiwa pia ndiye anayeandaa pigano. Katika rekodi za Aprili 1976, Waruinge alipowania ubingwa wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco mjini Panama na kushindwa, hakuandikwa Philip Waruinge. Aliandikwa Waruinge Nakayama. Mtu aliyewahi kutajwa kuwa na ufundi kuliko mabondia wote wa Olimpiki ya Mexico alipigania taji la dunia akiwa na jina la Kijapani nyuma ya la baba yake, katika nchi ya mpinzani wake. Kipaji chake hakikuwa kimepungua. Kilichokosekana ni watu wa nyumbani wa kununua tiketi, na kwa hiyo hakuwa na la kuweka mezani wakati wa kupatana.

Kisa cha Wangila kinaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi, nami nakigusa kwa uangalifu kwa sababu kiliishia msibani. Aliingia ndondi za kulipwa Marekani mwaka 1989, akashinda mapigano 22 na kupoteza 5, na Julai 1994, akiwa na miaka 26, alifariki Las Vegas siku mbili baada ya pigano lake na David Gonzalez. Simtwishi meneja yeyote kifo hicho. Ndondi huua hata pale kila karatasi ilipo sawa. Ninachouliza ni kuhusu miaka mitano iliyotangulia. Wamarekani Riddick Bowe na Roy Jones waliondoka Seoul na medali za fedha tu, na kufikia katikati ya mwaka 1993 wote wawili walikuwa mabingwa wa dunia. Wangila, mwenye dhahabu, hakulipata taji hilo. Kuna atakayesema wenzake walikuwa mabondia bora zaidi, na huenda ni kweli kwa Jones. Lakini runinga za Marekani ziliwekeza kwa vijana ambao majirani zao wangewatazama. Promota huko alinunua hadhira iliyomfuata bondia, na hadhira ya Wangila ilikuwa Nairobi, mahali ambapo hakuna senti iliyovuka bahari kulipia pigano lake. Medali bora iliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu soko lake halikuwa mikononi mwa mwenye medali.

Sasa tutazame karatasi yenyewe. Katika jimbo la Nevada meneja haruhusiwi kuchukua zaidi ya theluthi moja ya malipo ya bondia. Uingereza kikomo ni asilimia 25. Mkufunzi kwa desturi hupewa asilimia 10. Tuseme bondia amekubaliana kupigana kwa Sh90,000. Theluthi ya meneja ni Sh30,000, mkufunzi anachukua Sh9,000, zinabaki Sh51,000. Humo atoe chakula cha wiki nane za mazoezi, nauli, vipimo vya hospitali, bandeji na glavu, na kama ana kibarua, siku zote alizokosa kazini. Hesabu hiyo inauma, lakini siyo kiini cha tatizo. Meneja mwema anastahili sehemu yake, maana kazi yake ni kumkamua promota atoe zaidi, na theluthi ya kitu kikubwa si hasara kwa yeyote. Tatizo huanza pale meneja na promota wanapokuwa mtu mmoja, au ndugu, au washirika. Promota anataka kulipa kidogo, meneja anapaswa kudai kingi. Wakivaa koti moja, nani anamtetea bondia mezani? Mfugaji wa Bissil anamjua vizuri dalali anayelipwa na pande zote mbili. Ndiyo sababu Marekani ilipitisha mwaka 2000 sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali: kwa mapigano makubwa, ya raundi 10 na zaidi, meneja hawezi kuwa na masilahi katika biashara ya promota, na promota analazimika kumweleza bondia mapato aliyoyapata kutokana na pigano lake. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 haina kifungu cha namna hiyo. Bondia wetu anaweza kulipwa pungufu maisha yake yote bila kujua ukumbi uliingiza kiasi gani.

Promota naye ana hoja, na si ndogo. Yeye ndiye anayekodi ukumbi na ulingo, anayelipa daktari, gari la wagonjwa, waamuzi, ada za vyama vya mikanda, tiketi ya ndege na hoteli ya mgeni. Mvua ikinyesha watu wasije, hasara ni yake. Bila yeye hakuna pigano, na bila pigano hata huyo bondia anayepunjwa hana cha kupunjwa. Fatuma Zarika ni ushahidi mzuri kwa upande huo. Alitwaa mkanda wa WBC wa uzani wa super bantam tarehe 1 Oktoba 2016 ugenini kabisa, Flint, Michigan, mbele ya Alicia Ashley. Baada ya hapo, kwa msaada wa mdhamini na waandalizi, aliutetea Nairobi mara tatu: Desemba 2017 dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, Septemba 2018 dhidi ya Yamileth Mercado wa Meksiko, na Machi 2019 dhidi ya Phiri tena katika jumba la KICC. Mwanamke wa Kenya alipigania taji la dunia mbele ya watu wake, na ni waandalizi waliowezesha hilo. Wanastahili shukrani.

Lakini uendelee na kalenda. Mdhamini huyo, kampuni ya kamari ya SportPesa, aliingia katika mgogoro na serikali kuhusu kodi na leseni, na kufikia Agosti 2019 alikuwa ameondoa udhamini wake katika michezo yote ya Kenya. Novemba mwaka huohuo Zarika alikwenda Chihuahua, nyumbani kwa Mercado, na mkanda ukabaki huko. Sidai kwamba leseni ya kamari ndiyo iliyompiga. Mercado alikuwa kijana na alikuwa amejifunza. Nasema tu kwamba ndondi iliyotegemea mfuko mmoja haikuwa na pa kukimbilia mfuko huo ulipofungwa. Hasara anayoilalamikia promota ni ya kweli, ila ukumbi ukiwa mtupu mara nyingi huishukia mifuko ya watu wawili: bondia huambiwa angoje, kisha angoje tena. Ukumbi ukijaa, faida haimshukii. Anayebeba sehemu ya hasara ana haki ya kuiona hesabu ya faida.

Wengine husema bondia ni mtu mzima, alitia saini mwenyewe. Tanzania, ambako ndondi za kulipwa zina uhai kuliko kwetu kwa sababu runinga inalipia, imetupa mfano wa pande zote mbili. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo aliitwa Birmingham kwa taarifa fupi, mbadala wa kumpa Sam Eggington ushindi rahisi, na akamsimamisha raundi ya pili. Kila wiki mabondia wa Afrika Mashariki huitwa hivyo, na wengi hushindwa kama walivyonunuliwa kushindwa. Mwakinyo aliharibu biashara kwa ngumi zake. Miaka mitano baadaye, mwaka 2023, aligoma kupanda ulingoni Dar es Salaam akilalamika kwamba makubaliano yamebadilishwa, na kamisheni ya ndondi ya huko ikamfungia mwaka mmoja. Pengine alikosea. Lakini huyo ni bondia mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwake, na kusema hapana kulimletea adhabu. Kijana asiye na jina, asiye na mshahara, saini yake ina uhuru gani?

Mtu akidhulumiwa Kenya aende wapi? Sheria ya 2013 iliunda Mahakama ya Migogoro ya Michezo, chombo kizuri ambacho kimewaokoa wanamichezo wengi mikononi mwa vyama. Kifungu cha 58 kinairuhusu kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya michezo, na migogoro mingine iwapo pande zote zimekubali kuipeleka huko. Promota aliyekataa kulipa si shirika la michezo. Asipokubali, bondia amebakiwa na mahakama za kawaida na wakili asiyeweza kumlipa.

Hapa narudi Kajiado. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019 kaunti hii iliongezeka kutoka watu 687,312 hadi 1,117,840, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko Kitengela na Ongata Rongai, miji iliyojaa vijana waliofuata viwanda vya mauzo ya nje (EPZ) na nyumba nafuu. Waandaaji wa michezo na burudani hufuata watu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti mamlaka juu ya burudani za umma, michezo na kumbi zake. Kaunti tayari inatoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani, na mnyama akisafirishwa lazima awe na kibali cha ofisa wa mifugo. Inaweza, kwa mamlaka hayohayo, kukataa kutoa leseni ya pigano lolote mpaka malipo ya mabondia wote yawekwe benki kabla ya siku ya kupima uzani, mikataba iandikishwe, na meneja athibitishe kuwa hana hisa katika kampuni ya promota. Waandalizi wadogo watasema masharti hayo yatawafukuza waende Machakos au Nairobi. Baadhi wataondoka. Atakayebaki ni yule ambaye fedha anazo, na bondia wa Kitengela atapanda ulingoni akijua malipo yake yako benki.