Uwanja wa Farasi na Watu wa Mlimani

Abiria wa Meru na Embu wanaoshukia Tea Room, Nairobi, hawako mbali na Barabara ya Racecourse. Ukipita pale penye kanisa la St. Peter Claver's utakutana na mikokoteni, wachuuzi na honi za matatu, lakini farasi huoni. Jina limebaki kwa sababu mbio zilikuwa zikifanyika upande wa Kariokor tangu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache baada ya reli kufika mwaka 1899.

Huku kwetu Meru na Embu uwanja wa namna hiyo haukusimama. Baridi ya Timau ingemfaa farasi, ila ukiteremka Tharaka na Mbeere ilikuwa nchi ya mbung'o. Kuna pia maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi wanaouma kuanzia jua linapotua. Punda milia huyabeba bila kuugua, farasi hufa. Ndiyo maana walowezi waliwafugia nyanda za juu, Njoro, Nakuru na Limuru. Tena mchezo wenyewe ulikuwa wao. Mwafrika aliingia uwanjani kwa kazi.

Lakini historia ya uwanja ule wa Kariokor imetugusa kuliko vikombe vya ushindi vinavyoonyesha. Kariokor ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 vijana walikusanywa kwa nguvu kutoka wilaya nyingi, Meru na Embu zikiwemo, wakabebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Mwaka 1954 mbio zilihamia uwanja mpya wa Ngong Road, ulipo hadi leo. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil: jeshi na polisi waliuzingira mji wakiwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walichujwa kambini Langata, wengi wakapelekwa vizuizini Mackinnon Road na Manyani. Sioni namna ya kuusimulia uwanja ule bila kuutaja mwaka ule kwa ukamilifu wake.

Jina linalotajwa zaidi katika mbio za Kenya ni la Beryl Markham. Alilelewa Njoro, akapata leseni ya kufundisha farasi akiwa kijana mbichi, na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, alishinda St. Leger ya Kenya. Mwaka 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, kisha miaka ya baadaye akarudi kwa farasi na kushinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Alifariki Nairobi mwaka 1986. Sifa zake ni za haki. Hata hivyo, hakuna mkufunzi anayeshinda bila saisi, yule anayemtunza farasi.

Nenda Ngong Road Jumapili ya mbio uone. Watoto wanakimbia kwenye nyasi, wazee wameinamia karatasi ya programu, foleni ya kuweka dau inasogea. Kabla ya kila mbio masaisi huwazungusha farasi ndani ya ua, watu wakitazama miguu, jasho na masikio. Joki hupimwa uzito pamoja na tandiko lake. Katika baadhi ya mbio, farasi hodari huongezewa uzito wa vipande vya madini ya risasi ili wanyonge nao wapate nafasi. Baada ya mbio joki hupimwa tena. Derby ni ya farasi wa miaka mitatu, mita 2,400. Wakiingia mkondo wa mwisho, jukwaa zima husimama, na aliyeweka shilingi mia hupiga kelele sawa na mwenye farasi.

Saisi hapigi kelele. Amekuwa na mnyama huyo tangu alfajiri, amempiga brashi, amemkagua kwato, anajua siku asiyokula vizuri. Ushindi ukipatikana, huandikwa jina la mwenye farasi, la mkufunzi na la joki. Lake halimo. Huko ni kumdhulumu, nami nalisema waziwazi.

Kama nyumbani kwenu, iwe Runyenjes, Chuka, Nkubu au Timau, yupo mzee aliyewahi kuwa saisi kwa mlowezi au uwanjani Nairobi, kaeni naye. Muulizeni majina ya farasi aliowatunza, mshahara aliolipwa na walioanguka naye kazini, myaandike yote pamoja na jina lake.