Sauti Iliyotengwa na Picha: Kanda za Video za Tarime na Serengeti

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipozuru sehemu za kusini mwa nchi yetu, alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilinasa sauti juu ya mitungi ya nta. Ya pili ilipiga picha za sinema zisizo na sauti. Mashine hizo hazikujuana. Ngoma ilichezwa mara moja, lakini wimbo uliingia huku na miguu ya wachezaji ikaingia kule. Mitungi yake ilihifadhiwa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, na huko huko Erich von Hornbostel aliandika mwaka 1909 juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Basi katika nchi hii uhifadhi wa ngoma kwa mitambo ulianza kwa kuitenga sauti na picha, na jambo hilo yafaa tulikumbuke tunapotazama kazi iliyo mbele yetu leo.

Baada ya hapo sauti ilitangulia kwa muda mrefu sana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo watumishi wake walisafiri mikoani wakiwa na vinasa sauti na kurudi na nyimbo za makabila mbalimbali. Televisheni haikuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo kizazi kizima kilizijua ngoma za wenzao kwa masikio. Mtu wa Lindi aliweza kuusikia mlio wa iritungu la Wakuria, ile zeze kubwa yenye nyuzi nane na tumbo la mti lililowambwa ngozi, bila kupata kuona vidole vya mpigaji wake.

Ndipo ilipokuja kanda ndogo ya video ya kidijitali. Mtindo huo ulitolewa ulimwenguni mwaka 1995, na kamera zake zilikuwa nyepesi kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Kanda yenyewe ina upana wa robo ya inchi, yaani sawa na ile kanda ya magurudumu iliyotumiwa na watu wa redio, ila hii hubeba picha na sauti pamoja, na kwa kawaida huchukua dakika 60. Arusi, mazishi, ngoma na mahojiano na wazee, yote yaliweza kunaswa na mtu asiye fundi.

Kwa nini basi mtu atake tena kuitoa sauti peke yake? Sababu ya kwanza ni ya hesabu tu. Kanda moja ya saa nzima ikihamishiwa katika kompyuta hujaza gigabaiti 13 hivi. Sauti yake peke yake haifiki gigabaiti 0.7. Shule yenye kompyuta moja kuukuu itaweza kuhifadhi sauti za kanda nyingi pale ambapo picha za kanda chache tu zingejaza nafasi yote. Sababu ya pili ni kwamba kazi ya kuandika maneno ya mzee, neno kwa neno, ni kazi ya sikio.

Na katika Kikuria sikio lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lugha hii ni ya toni. Leonard Chacha Mwita, katika tasnifu yake ya mwaka 2008, alichunguza toni za vitenzi vya Kikuria. Na wataalamu wameonyesha kwamba katika lugha hii toni ya juu huweza kupangwa ianzie kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au hata ya nne ya shina la kitenzi, kulingana na wakati au hali inayotajwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi jambo hilo. Mwanafunzi wa Tarime akiyaandika maneno ya babu yake bila kuitunza sauti, huwa ameacha nje sehemu ya sarufi yenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira. Kamera huunganishwa na kompyuta kwa waya wa aina ya FireWire, kanda ikachezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kanda ya saa moja hula saa moja, wala hakuna njia ya mkato. Kisha programu, mathalani ile ya bure iitwayo FFmpeg, huitenga sauti na picha na kuiandika katika faili lake. Hapana budi sauti hiyo iachwe kama ilivyo. Tayari ni tarakimu. Kuipitisha katika tundu la visikizio na kuirekodi upya ni kuigeuza mara mbili bure. Aidha, si kanda zote zilizo sawa. Kamera iliyowekwa katika biti 16 hupima sauti mara 48,000 kwa sekunde, lakini iliyowekwa katika biti 12 hupima mara 32,000 tu, na hapo milio yote iliyo juu ya hezi 16,000 huwa imekwisha kupotea. Ukali wa njuga hupungua. Kuongeza tarakimu baadaye hakurudishi kitu.

Upande wa Serengeti, kwa Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme, kuna shida ya namna nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mahali pengi panapotajwa katika masimulizi ya wazee pamebaki ndani ya mipaka yake. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliyakusanya masimulizi ya watu wa Mara katika miaka ya 1990, na kitabu chake cha mwaka 2007 chaonyesha jinsi historia ya watu hao ilivyofungamana na nchi yenyewe: vilima, chemchemi, mahame. Sasa fikiri mzee amesimama mbele ya kamera, anainua mkono na kusema, "Tulihama kutoka kule, tukapita pale." Katika faili la sauti, "kule" na "pale" ni maneno matupu. Mkono umebaki katika picha iliyotupwa.

Kwa maoni yetu, anayetoa sauti lazima akae na daftari mbele ya picha ingali ikicheza, aandike kwa dakika na sekunde kile ambacho sikio halitakiona: mzee ameonyesha upande gani, nani ameingia, mpigaji amebadili kidole gani. Kazi hii huchosha, na ndiyo inayorukwa kwanza. Vilevile kamera hunasa sauti za watu wasioombwa ruhusa, na kwa Wakuria, ambako yapo mambo ya baraza la wazee, inchaama, yasiyosemwa hadharani, mwenye kanda yampasa kuwauliza wahusika kabla ya kuisambaza.

Muda nao si mwingi. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hazina za sauti na picha, ilitoa tahadhari kwamba uwezo wa kawaida wa kuzicheza kanda za sumaku ungekoma kufikia mwaka 2025 hivi, kwa kuwa mashine na vipuri vinatoweka. Kompyuta mpya nyingi hazina tena tundu la FireWire. Kanda iliyokaa kabatini kwa miaka 20 ikipata doa, picha yaweza kujazwa na fremu iliyotangulia, na mtazamaji asitambue. Sauti yenyewe mara nyingi hukatika papo hapo. Ndiyo maana fundi mwenye busara huicheza kanda mara mbili, akayalinganisha mafaili mawili, na pale moja iliponyamaza akatazama kama nyingine imesema.