Viapo Vilivyofichwa katika Kiingereza cha Mikoani

Mfasiri akutanapo na neno "blimey" katika riwaya ya Kiingereza, mara nyingi huliona kuwa ni mguno tu, akaandika "Lo!" na kuendelea na kazi. Mwingine, aliyepekua asili yake, huandika kiapo kizima, "Mungu na anipofue", na mchuuzi mpole wa London akageuka mtu wa kujilaani. Kwa hiyo yafaa tuitazame historia ya maneno ya namna hii.

Uficho huu una asili ya kidini, na ya kisheria pia. Mwaka 1606, zama za Mfalme James I, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha katika mchezo wa kuigiza. Nusu ya faini ilikuwa ya mfalme, nusu ya mshtaki. (Bila shaka washtaki hawakukosekana.) Athari yake huonekana katika Othello ya Shakespeare: chapa ya 1622 ina viapo ambavyo havimo katika chapa ya 1623. Nje ya jukwaa, sheria ya 1745 ilipanga faini kwa daraja la mtu: kibarua au askari wa kawaida shilingi 1, muungwana shilingi 5. Haikufutwa hadi 1967.

Kila mkoa ulijishonea vazi lake. Yorkshire na Lancashire wana "by gum", ambamo jina la Mungu limegeuzwa. Waskoti wana "jings" na "crivens", yaliyoenezwa na vichekesho vya picha vya gazeti la Sunday Post tangu 1936.

Baadhi yetu huyaita maneno haya tafsida. Sisi hatukubali. Tafsida husitiri maana, kama tusemapo "kujifungua" badala ya "kuzaa". Hapa kinachokwepwa ni jina lenyewe. Tunapendekeza istilahi "kiapo fiche". Na mfano tunao nyumbani: asemaye "haki ya nani" amelikwepa jina la Mungu vivyo hivyo. "Strewth", ambalo asili yake ni "kweli ya Mungu", lapata hapo tafsiri isiyohitaji maelezo. "Blimey" halipati, kwa kuwa "haki ya nani" huthibitisha kauli, haionyeshi mshangao. Kwa hilo, "Lo!" na ibaki.