Kila Udongo na Mmea Wake: Historia ya Mimea ya Mlima Kenya

Anayesafiri kutoka Karatina kwenda Naro Moru huona ardhi ikigeuka njiani. Huku Mathira, upande wa Karatina, udongo ni mwekundu, una kina, na umebeba mibuni na michai hata kwenye miteremko mikali. Kule Naro Moru mvua inapungua, uwanda wa Laikipia unafunguka, na udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi. Asili ya ardhi hii yote ni moja: volkeno ya Mlima Kenya, iliyotema lava na majivu hadi takriban miaka milioni 2.6 iliyopita, kisha ikazimika. Tangu hapo mvua, mteremko na baridi vimekuwa vikiusaga mwamba ule ule na kuutoa udongo wa kila namna.

Wakazi wa pande hizi waliisoma tofauti hiyo kwenye miti. Ubavu wa kusini na mashariki, unaonyeshewa sana, ndio uliokuwa na miti mikubwa ya kafuri, ambayo Wakikuyu huiita muthaiti. Ubavu mkavu wa magharibi na kaskazini ulikuwa wa mitarakwa. Mtu aliyetafuta mhimili wa nyumba au mahali pa kutundika mzinga alijua aelekee wapi.

Wageni walioanza kukusanya mimea ya kileleni hawakuwa na elimu hiyo. Mwaka 1887 Sámuel Teleki, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria, alifika na msafara uliotoka Pangani, ukiwa na wapagazi wa Pwani na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe, Jumbe Kimemeta. Teleki aliupita msitu na mianzi, akafika karibu mita 4,350 upande wa kusini-magharibi. Huko alikuta mimea iliyosimama kama nguzo zenye manyoya. Baadaye Georg Schweinfurth aliipa jina la *Lobelia telekii*. Miaka sita baada ya Teleki alikuja John Walter Gregory, mtaalamu wa miamba. Yeye alithibitisha kwamba mlima ni mabaki ya volkeno, na jiwe lake moja akalipa jina la kenaiti. Mimea aliyoikusanya ilipelekwa London, na mwaka 1894 Edmund Baker akaieleza, ukiwemo ule aliouita *Lobelia gregoriana*. Basi lobelia mbili za mlima mmoja zikawa na majina ya wasafiri wawili, bila mtu kuuliza kwa nini hazikui mahali pamoja.

Mwaka 1921 na 1922 ndugu wawili wa Sweden, Robert na Thore Fries, walifanya kazi kwa utulivu zaidi. Ndio walioeleza senesio kadhaa za mlima huu, mimea ya jamii ya alizeti ambayo hapa imekuwa miti. Msweden mwingine, Olov Hedberg, alifika mwaka 1948 na kuilinganisha milima mirefu ya Afrika Mashariki na Ethiopia. Alionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mimea ya kanda zake za juu haipatikani popote pengine duniani. Alieleza pia shida kuu inayoikabili: karibu na ikweta, kila mchana kunakuwa na joto na kila usiku barafu hutanda, mwaka mzima.

Shida hiyo inaanzia ardhini. Kule juu, maji yaliyomo katika udongo laini huganda usiku yakawa sindano za barafu zinazoinua tabaka la juu la ardhi. Jua likipanda, sindano huyeyuka na udongo huporomoka. Mche mchanga uliong'olewa leo hauna nafasi ya kuzamisha mizizi kesho. Hata miongoni mwa kuvumwani kuna aina inayoishi bila kushika ardhi, ikageuka vidonge vinavyoviringishwa na barafu hiyo. Mmea unaotaka kudumu lazima upate jiwe la kujibanza, au ardhi yenye maji mengi, au mteremko uliotulia.

Hapo ndipo lobelia zile mbili zilipoelezeka. Katika miaka ya 1970 na 1980 Truman Young alizifuatilia kwa miaka mingi katika Bonde la Teleki. *Lobelia gregoriana* hukaa chini bondeni, penye kinamasi. Huchanua, huendelea kuishi, na huchanua tena. *Lobelia telekii* hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe, hukua kwa miongo kadhaa, huchanua mara moja, kisha hufa. Pakavu, nafasi ya kuishi hadi kuchanua mara ya pili ni ndogo mno. Mmea unaomwaga akiba yake yote katika mbegu za mara moja huacha wazawa wengi zaidi.

Senesio nazo zimegawana ardhi. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walilinganisha chembe zao za urithi, wakahitimisha kwamba senesio kubwa za Afrika Mashariki ni ukoo mmoja ulioanzia Kilimanjaro, yapata miaka milioni moja iliyopita. Mlima Kenya una *Dendrosenecio battiscombei* katika sehemu za chini zenye unyevu, *Dendrosenecio keniensis* iliyotanda kama kabichi katika vinamasi kama kile cha njia ya Naro Moru, na *Dendrosenecio keniodendron* yenye shina refu juu, kwenye miteremko inayopitisha maji. Hii ya mwisho haiangushi majani yake makavu. Huyavaa shinani kama blanketi dhidi ya baridi.

Kuna ardhi moja iliyo changa kuliko zote. Kazuharu Mizuno wa Kyoto alianza mwaka 1992 kupima mahali ambapo Barafu ya Tyndall inarudi nyuma. Kati ya 1958 na 1997 ilirudi takriban mita 3 kwa mwaka, na mwaka 1997 ukingoni mwake ukatokeza mwili wa chui wa karne nyingi zilizopita. Juu ya vifusi vilivyofunuliwa, mmea unaotangulia ni *Senecio keniophytum*, mdogo, wa mlima huu peke yake. Ukishatangulia, mingine hufuata.

Mbuga ya taifa ilitangazwa mwaka 1949, na UNESCO ikauorodhesha mlima kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Ulinzi huo huzuia shoka, na mara nyingine moto, ingawa ule wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la nyasi na vichaka. Hauwezi kuirudisha barafu. Kwa sasa mmea ule mdogo unaotangulia unapata ardhi mpya kila mwaka. Barafu ikiisha, ardhi ya namna hiyo haitatengenezwa tena, na mimea itakayofuata nyuma yake itaijaza iliyopo. Kuhifadhi mmea wa kipekee, kwa hiyo, ni kuhifadhi pia kazi inayoutengeneza udongo wake, na kazi hiyo haina mlinzi wa kuizungushia uzio.